Bamvua na umeme: kwa nini bahari inayojaa haijawasha taa za Unguja

Kisiwa cha Unguja kilikaa bila umeme wa gridi kwa muda wa miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kutokana na hitilafu katika njia ya umeme ya chini ya bahari inayokiunganisha na Tanzania Bara.

Ilikuwa mara ya pili katika kipindi kisichozidi miaka miwili. Mwezi Mei na Juni 2008 giza lilidumu kwa takriban wiki nne. Pampu za maji zilisimama, wenye uwezo walinunua jenereta, na wasio nazo walirudi kwenye vibatari na ndoo za kisimani.

Katika siku zote hizo bahari iliendelea kupanda na kushuka mbele ya Forodhani, mara mbili kwa siku, na katika siku za bamvua ilipanda kiasi cha mita 4. Uzito wa maji hayo ni mkubwa kuliko chochote ambacho bandari ya kisiwa hicho inaweza kunyanyua. Swali ambalo huulizwa mara kwa mara na wakazi wa pwani ni jepesi: je, nguvu hiyo haiwezi kuzungusha mitambo?

Inaweza, na imefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 1,400 katika sehemu mbalimbali za dunia. Hata hivyo si kila pwani inayofaa, na gharama yake haihesabiwi kwa fedha peke yake.

Bamvua na maji mafu

Maji ya bahari hujaa na kupwa kwa kuvutwa na mwezi, na kwa kiasi kidogo zaidi na jua. Kutoka maji makuu hadi maji makuu yanayofuata hupita takriban saa 12 na dakika 25, na ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko siku iliyotangulia.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja. Hapo hutokea bamvua, maji yakijaa sana na kupwa sana. Mwezi unapokuwa nusu, mivuto hiyo hupingana na hutokea maji mafu. Mabaharia na wavuvi wa Kiswahili wamekuwa na majina ya hali hizi mbili kwa karne nyingi, na mhandisi anayepanga kutumia bahari kuendesha mitambo hana budi kuanzia hapo hapo.

Katika Unguja tofauti kati ya maji makuu na maji madogo huwa takriban mita 4 wakati wa bamvua, na takriban mita 1 tu wakati wa maji mafu.

Mtu anaweza kudhani kwamba nguvu ya maji mafu ni robo ya nguvu ya bamvua. Sivyo. Maji yakipanda mara nne zaidi, yanayoingia katika hori huwa mara nne zaidi, na kila tone huanguka kutoka kimo kikubwa mara nne zaidi. Kwa hiyo kazi inayopatikana hutofautiana mara 16. Mtambo unaonguruma siku ya mwezi mpevu utakuwa unasinzia wiki moja baadaye.

Jahazi linalonyanyuliwa na bahari

Watu wa pwani hawakusubiri wahandisi ili kuifanyisha bahari kazi. Nahodha anayetaka kusafisha sehemu ya chini ya jahazi lake hulipeleka ufukweni wakati maji yamejaa, hulipweleza, na kulitia magadi lisilale ubavu. Maji yakipwa, chombo hubaki pakavu. Mafundi hukwangua magome ya chaza, hutia kalafati na kupaka deheni ya shahamu na chokaa. Maji yakirudi, chombo huelea tena bila winchi wala kreni.

Makosa ya hesabu ya siku huadhibiwa. Chombo kilichopwelezwa kwenye kilele cha bamvua hakitaelea siku tatu baadaye, kwa kuwa maji hayatafika pale kilipo, na mwenyewe hulazimika kungoja bamvua nyingine.

Kuna jambo la kushangaza katika kazi hiyo. Kunyanyua chombo cha tani 50 kwa kimo cha mita 3 ni kazi inayolingana na chini ya nusu uniti ya umeme, yaani kiasi ambacho pasi ya nguo hula kwa muda usiofika saa moja. Bahari ina nguvu kubwa kwa sababu ni pana mno, bali kila kipande chake kikichukuliwa peke yake kina nguvu ndogo. Hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu katika habari hii.

Kinu kinachosubiri maji

Vinu vya nafaka vilivyoendeshwa na maji ya kujaa na kupwa vilijengwa kwa namna moja karibu kila mahali. Hori dogo lilizibwa kwa ukuta wenye milango iliyofungukia ndani. Maji yanayojaa yaliisukuma milango hiyo na kuingia bwawani. Yalipoanza kupwa, maji yaliyokuwa ndani yaliirudisha milango hiyo na kuifunga yenyewe, bila mkono wa mtu.

Mwenye kinu alingoja mpaka nje maji yashuke vya kutosha, kisha akafungua kijilango kidogo kinachoelekea kwenye gurudumu. Gurudumu lilizungusha jiwe la kusagia kwa saa chache, hadi maji ya nje yalipopanda tena. Kwa kuwa nyakati za bahari husogea kila siku, wiki hii alisaga mchana, na wiki inayofuata usiku wa manane.

Kinu cha zamani zaidi cha aina hiyo kilichofukuliwa na wanaakiolojia kiko Nendrum, kwenye hori la Strangford Lough huko Ireland ya Kaskazini. Kilikuwa mali ya watawa wa Kikristo, na pete za miti iliyotumika kukijenga zinaonyesha kwamba mbao zake zilikatwa mnamo mwaka 619.

Mfano ulio karibu zaidi na historia ya Waswahili unatoka Basra, bandari ambayo vyombo vya Ghuba na vya Afrika Mashariki viliijua vyema. Mwanajiografia al-Maqdisi, aliyeandika katika karne ya 10, alieleza kwamba watu wa Basra waliweka vinu kwenye midomo ya mifereji yao, vikazungushwa na maji yalipokuwa yakitoka. Bahari hiyo hiyo ilisukuma maji matamu ya mto juu ya mifereji na kunywesha mashamba ya mitende, mara mbili kwa siku.

Nchini Uingereza kinu cha Woodbridge, kinachotajwa katika kumbukumbu za tangu mwaka 1170, kiliendelea kusaga kibiashara hadi mwaka 1957, mhimili wa mti wa gurudumu lake ulipovunjika. Kimefanyiwa ukarabati, na siku hizi huzunguka zaidi kwa ajili ya wageni.

Ahadi iliyozama Boston

Jaribio kubwa la karne ya 19 lilifanyika Marekani. Mwaka 1814 kampuni ya Boston and Roxbury Mill Corporation ilipewa kibali cha kujenga ukuta mrefu kukata ghuba iliyokuwa nyuma ya mji wa Boston. Ukuta huo, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, ulikamilika mwaka 1821.

Mpango wenyewe ulikuwa wa busara. Ghuba iligawanywa kuwa mabwawa mawili: moja lilijazwa wakati wa maji makuu, jingine lilimwagwa wakati wa maji madogo. Maji yalitiririka kutoka bwawa la juu kwenda la chini kila saa, hivyo viwanda havikuhitaji kufuata ratiba ya mwezi. Waliobuni mradi waliahidi viwanda kadhaa.

Vilivyojengwa vilikuwa vichache. Katika miaka ya 1830 reli mbili zilipitishwa katikati ya ghuba hiyo na kuzuia maji zaidi, huku majitaka ya mji yakimiminwa ndani. Maji yaliyokuwa yakisafishwa na bahari kila siku yakadumaa. Kufikia mwaka 1849 wakuu wa afya wa mji walikuwa wakiitaja ghuba hiyo kuwa hatari kwa watu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1850 ilifukiwa kwa changarawe, na leo ndiyo mtaa wa kifahari wa Back Bay. Mtembea kwa miguu katika barabara ya Beacon Street anapita juu ya ukuta ule ule.

Ufaransa, Korea na Kanada

Kituo cha kwanza kikubwa cha kufua umeme kwa maji ya kujaa na kupwa kilizinduliwa mwaka 1966 kwenye mdomo wa mto Rance, Ufaransa. Kina mitambo 24, kila mmoja wa megawati 10. Maji yake hupanda na kushuka kwa wastani wa mita 8, na bwawa lake lina ukubwa wa kilomita za mraba 22. Kwa mwaka huzalisha takriban uniti milioni 500, na zaidi ya nusu karne baadaye bado kinafanya kazi.

Lakini wakati wa ujenzi mdomo wa mto ulifungwa kabisa kwa takriban miaka mitatu. Samaki na viumbe wengine wa hori hilo waliangamia kwa wingi, na ilichukua miaka 10 hivi kabla maisha mapya kutulia humo.

Kituo kikubwa zaidi kwa sasa ni cha Sihwa, Korea Kusini, chenye megawati 254, kilichoanza kazi mwaka 2011. Hiki hufua umeme maji yanapoingia, si yanapotoka. Ukuta wake haukujengwa kwa ajili ya umeme. Ulikamilika mwaka 1994 ili kupata ziwa la maji ya kumwagilia, na ziwa hilo likachafuka vibaya. Kwa kuirudisha bahari ndani kupitia kwenye mitambo, Wakorea walipata umeme na maji safi kwa pamoja.

Kituo cha Annapolis Royal, Kanada, cha megawati 20, kilifunguliwa mwaka 1984 katika Ghuba ya Fundy, ambako bahari hupanda kuliko mahali popote duniani, hadi mita 16 katika baadhi ya sehemu. Kilisimamishwa mwaka 2019, baada ya mtambo kuharibika na wataalamu wa serikali kuona kwamba kilikuwa kikiua samaki wengi.

Hesabu ya Unguja

Chukua bwawa la kilomita moja ya mraba ufukweni mwa Unguja, na tofauti ya maji ya mita 3 kwa wastani. Kila linapomwagwa, maji yake yana nguvu ya takriban uniti 12,600. Kituo cha Rance hupata kiasi cha theluthi moja ya nguvu iliyomo katika maji yake. Kwa kipimo hicho, bwawa la Unguja lingetoa uniti zipatazo 8,400 kwa siku, yaani wastani wa kilowati 350.

Njia ya zamani ya umeme ya chini ya bahari, iliyokatika mwaka 2008 na 2009, ilikuwa na uwezo wa megawati 45. Iliyoongezwa mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani ina uwezo wa megawati 100.

Ghuba ya Chwaka, mashariki mwa kisiwa, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50. Hata ikifungwa mlango wote, isingetoa wastani wa megawati 18, na hayo ni makadirio ya juu, kwa kuwa sehemu kubwa ya ghuba hiyo hukauka maji yanapopwa na haina kina cha kujaza bwawa.

Kukauka huko ndiko kunakowalisha watu. Wanawake huingia humo maji yakipwa kuokota chaza na kusaka pweza. Tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani kimeenea katika pwani ya mashariki, na kazi yake hufuata bamvua: vigingi hufungwa na mwani huvunwa katika siku ambazo maji yanakwenda mbali. Mikoko iliyo upande wa kusini wa ghuba huhitaji kufunikwa na kuachwa wazi kwa zamu. Ukuta unaoshikilia maji ndani kwa saa kadhaa zaidi kila siku ungefupisha muda wa kuvuna na kuibakiza mizizi ya mikoko majini.

Kwa kulinganisha faida na hasara, ni vigumu kuona sababu ya kuifunga ghuba kama hiyo.

Saa ya taa

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wa mradi wowote wa Unguja wangelikuta. Siku za bamvua maji hujaa kisiwani mnamo saa 10 alasiri. Bwawa lililojazwa wakati huo lingeanza kumwagwa kiasi cha saa 1 jioni na kuendelea hadi karibu na usiku wa manane, yaani wakati hasa watu wanapowasha taa, majiko na feni.

Siku za maji mafu mambo hugeuka. Maji hujaa mnamo saa 4 usiku, na umeme mchache unaopatikana hutoka alfajiri, watu wamelala.

Dawa ya tatizo hilo ni kuweka akiba. Waswahili waliohamia Marekani na kuishi Buffalo, kando ya mto Niagara, wanaishi karibu na mfano wake, ingawa huko hakuna bamvua. Mkataba wa mwaka 1950 kati ya Marekani na Kanada unalazimisha maji mengi zaidi yaachwe yaporomoke mchana katika msimu wa watalii, na kuruhusu vituo vya umeme kuchota zaidi usiku. Maji ya usiku hupandishwa kwenye bwawa la juu na kuteremshwa mchana umeme unapohitajika. Kule Louisville, kituo cha mto Ohio kilichojengwa mwaka 1927 hakina haja ya kalenda ya mwezi, kwani mto hushuka saa zote. Ila mto hukauka na hufurika bila taarifa, ilhali saa ya bamvua ya miaka 20 ijayo inaweza kuandikwa leo.

Mitambo isiyo na ukuta

Njia nyingine ni kuzamisha mitambo yenye mapanga katikati ya mkondo, bila kuziba chochote. Mwaka 2008 mtambo wa SeaGen wa megawati 1.2 uliwekwa kwenye mlango wa Strangford Lough, katika maji yale yale ya watawa wa Nendrum. Ulifanya kazi kwa miaka kadhaa, na kufikia mwaka 2019 ulikuwa umeondolewa. Mjini New York, kampuni ya Verdant Power ilijaribu mitambo midogo katika East River kuanzia mwaka 2006.

Mitambo ya namna hii huhitaji maji yanayokimbia. Kasi ikipungua kwa nusu, nguvu hubaki sehemu moja ya nane. Mkondo wa Pemba una maji yanayokwenda kasi, hasa msimu wa kusi, lakini kina chake ni mamia ya mita, na kutia nanga mtambo humo si kazi ya leo wala kesho. Pemba yenyewe iliunganishwa na gridi ya Bara kutoka Tanga mwaka 2010, kwa msaada wa Norway.

Kuta zilizopo tayari

Mfano wa Sihwa unaonyesha kwamba mahali pa kuanzia ni pale ambapo bahari tayari imezibwa. Katika pwani ya Kenya palikuwapo na ukuta kama huo: tuta la Makupa, lililounganisha kisiwa cha Mombasa na bara na kuzuia maji kupita kati ya hori la Tudor na la Port Reitz. Lakini pande zote mbili za tuta hilo zilipata maji ya bahari moja kwa nyakati zinazokaribiana, hivyo tofauti ya kimo ilikuwa ndogo mno kuzungusha chochote. Mwaka 2022 daraja lilifunguliwa mahali pa tuta, ili maji yapite tena.

Kinachobaki ni vidogo. Bwawa la hekta moja, mfano wa shamba la chumvi lililoachwa, lingetoa kwa wastani uniti 84 kwa siku, zinazotosha kinu cha mahindi cha kijiji cha kilowati 7 kwa saa 12. Bamvua ingeongeza kiasi hicho hadi uniti 149. Katika siku za maji mafu zingepatikana uniti 9, na mwenye kinu angesaga kwa saa moja na robo, kisha angefunga mlango kungoja mwezi.